Saa 200 za kuivisha waya wa spika: ni nini hubadilika kweli?

Ukinunua waya wa spika wa bei ya juu, mara nyingi unauziwa pamoja na masharti yake. Usiuhukumu leo, unaambiwa, bado ni mbichi. Upigie muziki saa 100 kwanza. Wengine husema 200, na wapo wanaofika 500. Baada ya hapo besi itatulia, sauti za juu zitaacha kuchoma masikio, na mwimbaji atasogea mbele kana kwamba amesimama sebuleni kwako. Kampuni za ng'ambo zinazotengeneza nyaya hizi huandika hivyo kwenye karatasi za maelezo, na zipo hata mashine zinazouzwa kwa kazi moja tu: kupitisha umeme ndani ya waya mpya usiku na mchana hadi uive. Dai limesafiri. Leo utalisikia kwa wauzaji wa amplifaya za mtumba mjini Kisumu, kwa mafundi wa redio za matatu kule Nakuru, na kwenye kamati za makanisa ya Vihiga zinapojadili pesa za vyombo.

Waya hauivi. Hilo ndilo jibu langu, na ningeweza kuishia hapo, ila jibu la namna hiyo linamtupa nje mtu mwenye masikio mazuri ambaye ameyasikia mabadiliko kwa hakika, na mimi sipendi kumwambia mtu mzima kwamba ameota. Mara nyingi kuna kitu kilichobadilika. Kazi ni kukitafuta kilipo.

Vinavyolainika kweli

Chukua Boxer mpya. Mwenye boda anayejua kazi yake haikimbizi pikipiki kilomita za mwanzo, kwa sababu ndani ya injini kuna chuma kinachosugua chuma. Pete za pistoni na ukuta wa silinda bado vina vinundu vidogo sana, na ni lazima visagane polepole hadi vikae sawa. Ndiyo maana oili ya kwanza ikimwagwa hutoka na vumbi la chuma. Kuna mwendo, kuna msuguano, kuna kitu kinacholika. Yeyote anayekuambia kwamba kifaa fulani kinahitaji kuzoezwa ana deni la kukuonyesha hayo matatu.

Spika inaweza kulilipa deni hilo. Koni yake imeshikiliwa na ukingo wa mpira, povu au kitambaa kwa mbele, na kwa nyuma na kitambaa cha mikunjo kilichokaushwa kwa gundi, kile ambacho mafundi hukiita spaida. Ikitoka kiwandani, mikunjo hiyo ni mikavu na migumu. Ukiipigia muziki wenye besi, gundi hupata nyufa ndogo zisizoonekana, kitambaa hulegea, na masafa ambayo koni hupenda kutikisika hushuka. Hili linapimika. Vipimo vyenyewe vimeitwa kwa majina ya Neville Thiele wa Australia, aliyechapisha kazi yake mwaka 1961, na Richard Small, aliyeiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Seremala anayeunda makasha ya sabufa na kufuata karatasi ya spika anatumia hesabu zao hata kama hajawahi kusikia majina hayo. Sehemu kubwa ya mabadiliko hutokea mapema, ndani ya dakika au saa chache za kupigwa kwa nguvu. Halafu spika ikishafungwa ndani ya kasha, hewa iliyomo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuirudisha koni, hivyo tofauti inayofika masikioni ni ndogo kuliko ile inayoonekana kwenye mita.

Vipo na vingine. Sindano ya gramafoni ina kiraba kidogo kinacholegea, jambo linalowahusu wachache waliobaki na santuri za benga za Misiani na Ramogi. Amplifaya ya zamani iliyolala stoo miaka mingi ina kapasita ambazo utando wake wa ndani huchakaa kwa kukosa umeme na hujijenga upya ukipewa volti taratibu, ndiyo maana fundi mwangalifu haichomeki moja kwa moja kwenye soketi ya volti 240. Viwanda vya elektroniki navyo huwa na desturi ya kuwasha bidhaa mpya kwa saa nyingi kwenye joto kali kabla ya kuiuza. Nia yao si kuifanya iimbe vizuri. Wanataka ile yenye kasoro ife mikononi mwao, isife mikononi mwa mteja. Nadhani ni kutokana na mambo haya, ambayo ni ya kweli, dai la waya lilipata heshima ambayo halikuifanyia kazi.

Ndani ya waya

Menya waya wowote. Utakuta nyuzi za shaba, na juu yake plastiki. Hakuna kinachozunguka wala kusagana. Kitu pekee kinachosogea ni elektroni, basi tuangalie zinasogea umbali gani.

Waya wenye unene wa milimita moja ya mraba ukibeba mkondo wa ampea moja, elektroni zake husonga kwa wastani wa takriban sehemu saba za mia za milimita kwa sekunde. Konokono ni mwanariadha ukimlinganisha nazo. Tena muziki si mkondo wa kwenda upande mmoja: sauti ya hezi 1,000 hugeuza mwelekeo mara 2,000 kila sekunde. Ukikokotoa utaona kwamba elektroni huyumba nanomita 12 hivi kushoto na nanomita 12 kulia, na unywele wako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Muziki hufika kwenye spika haraka kwa sababu msukumo wa umeme hupita kando ya waya kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Elektroni zenyewe hazijaondoka zilipokuwa. Kwa hiyo ile hadithi ya elektroni "kufungua njia" kadiri saa zinavyokwenda haina njia ya kufunguliwa. Hesabu hiyohiyo inaimaliza hadithi ya mishale iliyochorwa kwenye waya wa spika kuonyesha muziki uelekee wapi. (Mshale una maana kwenye baadhi ya nyaya za mawimbi madogo, zile zinazounganisha chombo na amplifaya, ambazo wavu wake wa kinga umeunganishwa upande mmoja tu. Huko ufuate.)

Wengine husema kinachobadilika ni shaba yenyewe, kwamba ina fuwele ndogondogo na muziki huzipanga. Fuwele zipo kweli. Shaba inapovutwa kwenye matundu membamba kiwandani ili iwe uzi, fuwele hizo huvurugika na uzi huwa mgumu, kisha hupashwa joto la mamia ya nyuzi selisiasi ili ulainike. Kazi hiyo imeshafanyika kabla waya haujafungwa kwenye roli. Kuzisogeza atomi za metali kwa umeme pekee kunawezekana pia, na watengenezaji wa chipu za kompyuta wanalijua hilo kama ugonjwa, kwa sababu huziua njia nyembamba zilizo ndani ya chipu. Lakini huko msongamano wa mkondo hufikia kiasi cha ampea milioni moja kwa kila sentimita ya mraba. Waya wa spika wa milimita 2.5 za mraba ukibebeshwa ampea 10, ambazo ni nyingi, unafika 400. Tuko mara 2,500 chini, na hata huko juu kinachotokea ni kuharibika.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kidogo, na ndiyo wauzaji wenye elimu wanayoitumia. Plastiki iliyozunguka shaba ni kihami, yaani haipitishi umeme, na kihami kinaweza kushika chaji ndogo kisha kuiachilia polepole. Hili si uzushi. Wanaotengeneza kapasita hulipima. Wanasema basi kwamba muziki wa saa nyingi huijaza plastiki chaji ikatulia. Shida ni kwamba muziki unavuta na kusukuma kwa kiasi kilekile, na jumla yake ni sufuri, kwa hiyo hakuna kinacholimbikizwa. Isitoshe, uwezo wa waya wa spika kuhifadhi chaji ni mdogo sana, pikofaradi makumi au mia hivi kwa mita, na amplifaya inayousukuma ina ukinzani wa chini ya sehemu ya kumi ya omu. Kiasi hicho inakimeza bila kukihisi.

Na kama chaji ndiyo siri, ingevuja kila ukizima redio ukaenda kulala. Wapo wauzaji wanaolikubali hilo: wanasema ukichomoa waya au ukiusogeza, uanze upya kuuivisha. Hapo ndipo ninapoanza kutabasamu, kwa sababu ili kulinganisha waya ulioiva na ulio mbichi ni lazima uchomoe mmoja uweke mwingine. Dai limejijengea ua ambao hakuna mtu anayeweza kuuingia kulikagua.

Ninayo hoja nyingine ambayo mkazi wa kando ya ziwa ataielewa bila mita. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Alasiri ya Kisumu inaweza kufika nyuzi 30, alfajiri ikashuka hadi karibu 18. Waya uleule basi hubadilika kwa asilimia karibu tano kila siku, bila kuuliza umepigiwa muziki saa ngapi. Hilo ni badiliko la kweli, linalopimika, la sifa kuu ya waya. Kama sikio lingekuwa linanasa mabadiliko madogo kuliko hayo ndani ya shaba, tungekuwa na muziki wa mchana na muziki wa alfajiri. Hatuna, kwa sababu mita tano za waya wa milimita 2.5, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa omu 0.07 tu mbele ya spika ya omu nane. Asilimia tano ya 0.07 si kitu.

Basi watu husikia nini?

Kwenye duka moja karibu na soko la Kibuye nilimtazama fundi akimhudumia mzee aliyekuja na sanduku moja la spika begani kwa kijana wake na waya mpya mkononi. Malalamiko yake: waya ni mzito, mzuri, umemgharimu, lakini besi imepungua badala ya kuongezeka. Aliyemwuzia alimwambia asubiri.

"Jaduong', umeupigia kwa muda gani?"

"Wiki mbili. Kila jioni."

"Na ulipoufunga, uliufuata huu mstari?"

Fundi alipitisha ukucha kwenye mstari mwembamba mwekundu unaokimbia kando ya upande mmoja wa plastiki. Mzee aliinama, akautazama, akamtazama kijana wake. Spika moja walikuwa wameifunga chanya kwa chanya, nyingine chanya kwa hasi. Koni moja ilipokwenda mbele, nyingine ilirudi nyuma, na besi zake zikawa zinafutana hewani. Fundi alichukua betri ndogo ya volti 1.5, akagusisha ncha za waya sekunde moja, akamwonyesha koni ikiruka nje. Akageuza, ikaruka ndani. Somo zima halikumaliza hata chai iliyokuwa mezani.

Kinachonikera ni yale maneno "asubiri". Angesubiri saa 200 angeizoea sauti isiyo na besi, na siku moja angesema waya umeiva. Sikio hufanya hivyo. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha mwaka 1968 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hupenda zaidi kitu kadiri wanavyokutana nacho mara nyingi, hata kama hakijabadilika chembe. Muda ambao muuzaji anaupa waya, kwa hakika anaupa ubongo wa mteja.

Kumbukumbu ya sauti nayo ni fupi. Wimbo utaukumbuka maisha yako yote, lakini rangi kamili ya sauti, ule ukali kidogo wa simbali au uzito wa besi, hufifia baada ya sekunde chache. Kubadilisha waya huchukua dakika. Ukimaliza kukaza skrubu, unalinganisha unachosikia na kumbukumbu uliyojitungia, tena ukijua umelipa kiasi gani. Ongeza hili: Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa chini sikio husikia besi kwa shida, na ikipandishwa besi hurudi. Ukiacha kitufe cha sauti mbele kidogo tu ya pale kilipokuwa, tofauti isiyofika desibeli moja, hutasema "iko juu zaidi". Utasema "imejaa zaidi", "ina uhai".

Vipo na vyanzo vilivyo nje ya kichwa. Kichwa chenyewe, kwanza, ukikisogeza sentimita 20 kwenye sebule yenye kuta tupu, sauti za juu hubadilika, kwa kuwa urefu wa wimbi la hezi 5,000 ni sentimita saba tu na marejeo kutoka ukutani huongezana au kukatana kwa vipimo hivyo. Mvua ya alasiri ya Kakamega juu ya mabati humeza nusu ya muziki, na baadaye ikikatika utasema redio imechangamka. Umeme wa jioni ukishuka, amplifaya za kawaida hukosa pumzi kwenye besi kubwa, na usiku wa manane watu wakilala pumzi inarudi.

Wenye vyombo vya kukodisha wana ushahidi wao, nao ni mtamu kuusikiliza: kwenye disko matanga, wanasema, waya unafungwa saa kumi na moja jioni ukiwa mkali, na kufikia saa tisa usiku umelainika. Naamini kabisa kwamba sauti hulainika. Ila tazama ndani ya spika. Koili yake pia ni ya shaba, uzi mwembamba uliozungushwa ndani ya sumaku, na kwa saa kumi imekuwa ikichemka. Ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 150, ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 45. Amplifaya ileile na kitufe kilekile sasa vinatoa nguvu ya theluthi mbili hivi ya ile ya jioni. Spika imechoka, na masikio ya waombolezaji yamechoka pamoja nayo. Waya, ulionyooshwa kwenye nyasi zenye umande, ndicho kitu baridi kuliko vyote pale uani.

Halafu kuna miunganisho, na hapa ndipo ninapotaka msomaji wa Kisumu akae kidogo, kwa sababu hapa tuna mabadiliko ya kweli yanayouhusu waya, isipokuwa yanaelekea upande usiotajwa na wauzaji. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu. Shaba iliyomenywa ikafungwa kwenye skrubu huanza kuvaa utando: kwanza wa kahawia, kisha mweusi, mwishowe kijani. Kwenye zile nyaya za plastiki angavu utauona ukijani ukipanda ndani kwa ndani mkono mzima kutoka kwenye ncha. Skrubu nazo hulegea, kwani metali laini iliyobanwa hutiririka polepole sana chini ya mgandamizo, alumini zaidi kuliko shaba. Sasa mteja ananunua waya mpya. Anafungua skrubu, anachomoa ule wa zamani, anasukuma mpya, anakaza. Amekwangua utando, amepata shaba inayong'aa juu ya metali inayong'aa, na sauti iliyokuwa inakwaruza na kukatikakatika imesafika. Sifa zote zinakwenda kwa waya. Angekata sentimita mbili za ule wa zamani, akaumenya upya na kuukaza, angepata kitu kilekile kwa bei ya kisu.

Waya unaobadilisha sauti

Sisemi kwamba nyaya zote ni sawa. Hilo ni kosa la upande wa pili, na wahandisi wengi hulipenda kupita kiasi.

Mpiga gitaa la benga anajua. Gitaa lake la umeme lina pikapu, koili ya maelfu ya mizunguko yenye ukinzani mkubwa, na pikapu hiyo haina nguvu ya kumeza chaji kama amplifaya inavyofanya. Waya wa mita sita unaweza kufika pikofaradi 600. Ukishirikiana na koili ya pikapu, unakata sauti za juu kabisa na kusogeza ule mng'ao wa gitaa kwenda chini. Mpe waya wa mita tatu wa aina ileile na nyuzi zitalia tena kama zinavyopaswa kulia kwenye benga, ambapo gitaa la mbele ndilo linalobishana na mwimbaji. Tofauti hiyo ipo kuanzia noti ya kwanza. Kesho itakuwa hiyohiyo, na baada ya saa 500 itakuwa hiyohiyo, hadi jeki ilegee.

Kwa spika, kinachohesabika ni unene, urefu, na kama shaba ni shaba kweli. Hili la mwisho lichunguze. Soko limejaa nyaya za alumini zilizopakwa ngozi ya shaba. Zina rangi ileile, ni nyepesi, hukatika ukizikunja mara chache, na hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba halisi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, umejua. Kwenye sebule si janga. Kwenye kanisa ni jambo jingine. Tuseme amplifaya iko madhabahuni na spika mbili za omu nane zimefungwa pamoja mlangoni, mita 30 kutoka hapo. Pamoja zina omu nne. Waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba wa aina hiyo ya alumini, kwenda na kurudi mita 60, una ukinzani wa zaidi ya omu tatu. Karibu nusu ya volti inapotea njiani, sauti inashuka desibeli tano hivi, na kamati inaamua kununua amplifaya kubwa zaidi. Shaba halisi ya milimita 2.5 ingepoteza chini ya desibeli moja.

Ukitaka kujua mwenyewe

Mwaka 2007 James Randi wa Marekani, mtu wa mazingaombwe aliyekuwa ameweka zawadi ya dola milioni moja kwa yeyote atakayethibitisha jambo la ajabu, alisema zawadi hiyo iko wazi pia kwa atakayezitambua kwa masikio nyaya za spika za Pear zilizokuwa zikiuzwa dola 7,250. Baada ya majibizano jaribio halikufanyika, kwa hiyo sitaki kulitumia kama ushahidi. Kisa hicho hupendwa zaidi ya thamani yake. Jaribio la nyumbani lina faida zaidi.

Nunua nyaya mbili zinazofanana, urefu mmoja, kutoka roli moja. Mmoja uupigie muziki kwa saa zote alizotaja muuzaji, mwingine ubaki kwenye karatasi. Siku ikifika, menya ncha za zote mbili upya ili zote ziwe na shaba safi. Mwombe mwenzako arushe shilingi kila raundi: kichwa anafunga ulioiva, mkia anafunga mbichi, anaandika kwenye karatasi, wewe ukiwa chumba kingine. Kisha atoke kabla hujaingia, usije ukausoma uso wake. Kitufe cha sauti kisiguswe, kiti kisisogezwe, wimbo uwe uleule. Raundi kumi. Mtu anayebahatisha tu atapata tano hivi, na kupata nane au zaidi si ajabu sana, hutokea kama mara moja katika kila majaribio 18. Tisa au zaidi kwa bahati ni kama mara moja katika 93. Ukipata tisa, rudia siku nyingine, na ukipata tisa tena nitakuja kusikiliza mwenyewe.

Kama huna subira ya hayo yote, mwulize muuzaji swali moja kabla ya kutoa pesa: nikiupigia saa 200 na nisisikie tofauti, utanirudishia? Mtu anayesikiliza saa mbili kila jioni anahitaji siku 100 kufika huko, na risiti nyingi za maduka yetu zimepigwa muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Akikubali, akuandikie nyuma ya risiti na atie sahihi. Akikataa, mwambie akukatie ule wa shaba wa milimita 2.5 ulioko kwenye roli ya chini, akupimie kwa mita, na ukifika nyumbani anza na mstari mwekundu.